Tovuti Isiyo na Mwenyewe

Nilipigiwa simu alfajiri, nikapanda basi la kwanza kutoka Dar es Salaam, na bado nilishuka Hedaru saa kumi jioni nikiwa nimechelewa. Mzee Rajabu alikuwa ameshazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walikaa uani chini ya turubai wakizungumza kwa sauti ya chini, malori yakipita barabarani nyuma ya nyumba, na mimi nikaingizwa ndani kwa wanawake, nikapewa nafasi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, pamoja na sahani ya pilau ambayo sikuwa na hamu nayo lakini niliimaliza, kwa sababu sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu nilipotoka nyumbani. Binti yake, Zuhura, alikuja kukaa karibu nami. Nilimjua akiwa mwanafunzi wa sekondari. Sasa ni mama wa watoto watatu. Alinishukuru kwa kuja, kisha akasema, “Dada Nakiete, wewe ulifanya kazi na baba mwaka mzima. Alikuwa anafanya nini hasa pale chuoni? Sisi alituambia anahesabu. Tukimuuliza anahesabu nini, anacheka.” Nikamwambia alikuwa anahesabu tovuti. Shangazi yake, aliyekaa upande wa pili, akauliza tovuti ni nini; Zuhura akamjibu ni zile kurasa za kwenye simu; shangazi akasema zile si ziko nyingi mno, za kuhesabiwa ni za nini. Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya, nikarudi nyuma, nikaeleza vibaya zaidi, mpaka shangazi akanionea huruma akaniongezea nyama. Sikuuelewa mwaka ule nilipokuwa ndani yake, na sina hakika kama nauelewa sasa, lakini naweza kusimulia ulivyokwenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza stashahada ya kompyuta, na mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Chuo kikuu kilichoniajiri kilikuwa kikubwa, chenye makao makuu mbali na matawi karibu kila upande wa nchi, na mimi nilipangiwa tawi lake dogo la Same: majengo manne na tangi la maji kwenye uwanda wa vumbi, milima ya Upare imesimama nyuma yake, ya kijani huko juu wakati sisi huku chini hatukuwa na hata jani. Ofisi yetu ilikuwa stoo ya zamani ya maktaba. Rafu zilikuwa bado ukutani, tupu, na chumba kizima kilinuka gundi ya vitabu ambavyo havikuwepo tena. Kulikuwa na meza mbili, kabati la chuma, na feni iliyosukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Mzee Rajabu alikaa upande wa dirisha. Alikuwa mkutubi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na maktaba ya tawi ilipopunguzwa, wakubwa wa chuo wakaona kazi ya kuorodhesha tovuti inafanana na kazi ya kuorodhesha vitabu, wakamkabidhi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Siku ya kwanza niliingia nikasimama mlangoni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?”

“Ndiyo mzee.”

“Kaa. Soma barua hii kisha uniambie umeelewa nini, maana mimi nimeshaisoma mara tatu.”

Barua ilitoka makao makuu. Ilisema chuo hakijui kina tovuti ngapi. Ilituagiza tuandae orodha moja ya tovuti zote za chuo, za kila kitivo, kila idara, kila mradi na kila chama cha wanafunzi, tuonyeshe jina, kazi yake, mmiliki wake, na kama iko hai au imekufa. Mwisho wa mwaka, tovuti yoyote ambayo haitakuwa na mmiliki mwajiriwa wa chuo itafungwa na vilivyomo vitafutwa. Nilimwambia ni kazi ya wiki mbili. Hakunicheka. Alinimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akanisogezea kikombe, akasema, “Vizuri. Basi tutapumzika miezi kumi na moja na nusu.”

Wiki ya kwanza nilihesabu, nikapata idadi. Wiki ya pili nikahesabu tena, nikapata idadi nyingine, kubwa zaidi, na kati ya zile za wiki ya kwanza kulikuwa na sita ambazo sikuziona tena. Nilidhani nimekosea kuandika. Kisha zile sita zikarudi. Ilichukua muda kugundua kwamba zilikuwa zinakaa kwenye kompyuta ya mtu fulani chini ya meza katika tawi lingine, na alipoizima mwishoni mwa wiki, zote zililala. Kulikuwa na tovuti moja yenye majina matatu, na kulikuwa na jina moja ambalo ukilifungua asubuhi linakupeleka kwenye idara ya jiografia, ukilifungua jioni linakupeleka kwa kwaya ya wanafunzi. Kulikuwa na tovuti ya kongamano lililokwisha miaka mingi iliyopita, yenye saa inayohesabu siku zilizobaki, na kwa kuwa hakuna aliyeisimamisha, iliendelea kuhesabu kupita sifuri, ikitangaza kwamba kongamano linaanza baada ya siku hasi elfu kadhaa. Nilimuuliza mzee Rajabu kama hiyo niiandike hai au imekufa. Alisogeza miwani, akaitazama kwa muda mrefu. “Inafanya kazi,” alisema. “Ila haijui.” Hatukuwa na safu ya jambo hilo.

Nilikuwa nikiandika kwenye jedwali la kompyuta. Yeye aliandika kwenye kadi. Kila tovuti ilipata kadi yake ya manila, iliyokatwa kwa mkasi ukubwa wa kiganja, jina juu, kazi katikati, mmiliki chini, kwa wino mweusi na mwandiko wa wakutubi wa zamani ambao kila herufi inasimama peke yake. Nilimwambia hakuna haja, kila kitu kipo kwenye jedwali. Akaniambia, “Kitabu kikipotea kinaacha pengo kwenye rafu, unaliona. Hivi vitu vyenu havina rafu. Niache niwe na kitu cha kushika.” Alizipanga kadi zile kwenye rafu tupu, na kadiri mwezi ulivyokwenda rafu zilianza kujaa tena. Nilikuwa nikimwona anapita mbele yake kabla ya kwenda kuswali adhuhuri, anazigusa kidogo kwa kidole, kama mtu anayekagua miche.

Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupiga simu. Hii ni ya nani? Ilikuwa ya daktari fulani, alikwenda masomoni. Nani alibaki nayo? Muulize katibu muhtasi. Katibu muhtasi alihamishwa. Alihamishwa wapi? Hapo, dada, sijui. Kuna kitivo kimoja kilichokuwa kimebadilishwa jina, kikawa na tovuti mbili, kila moja ikisema ndiyo rasmi, kila moja na picha ya mkuu wake wa kitivo, na wakuu wote wawili walikuwa hai na walipokea simu yangu kwa heshima. Mchana tulikula kwa mama lishe mmoja karibu na stendi, mimi makande, mzee Rajabu ugali na samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na siku moja wahadhiri wawili waliokuja kutoka makao makuu walikaa meza ya nyuma yetu wakibishana habari hiyohiyo. Mmoja alisema ile yenye rangi ya bluu ndiyo ya kweli. Mwingine akasema ile ya bluu aliianzisha mwanafunzi kwa ajili ya mtihani wake, watu wakaizoea. “Sasa ratiba tunaiweka wapi?” “Mimi naweka kwenye zote mbili.” “Na zikitofautiana?” Yule wa kwanza aliomba pilipili. Mzee Rajabu hakugeuka, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Leo, nikiwa na ofisi yangu mwenyewe na watu wa kuwatuma, najua kwamba mashirika yote makubwa yako hivyo, yana vyumba ambavyo hakuna anayekumbuka aliyevifungua. Wakati ule sikujua. Nilidhani ni mimi nisiyeelewa, kwamba mahali fulani yupo mtu mwenye orodha kamili na anasubiri kuona kama yangu italingana na yake. Nilikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya nyumba ya nesi mmoja, kitanda, jiko la mafuta na ndoo mbili, na upepo wa Same ulipiga bati kutwa nzima mpaka nikawa napata shida kufikiri. Nilikaa kitandani na orodha mapajani nikajiuliza, kama kitu kimeanzishwa na mtu asiyekuwepo, kwa ajili ya watu waliokwisha kuondoka, na bado kinafunguka ukikigusa, je, ni cha chuo? Na kama si cha chuo, ni cha nani?

Mwezi wa tatu nilikutana na tovuti ya mvua. Ilikuwa ukurasa mmoja tu, mweupe, usio na picha, wenye kichwa cha habari kinachosema ni takwimu za mvua za kituo cha Vudee, huko juu milimani kwetu kabisa. Chini yake kulikuwa na mistari, mmoja kwa kila siku, miaka na miaka. Vudee, milimita kumi na mbili, ilianza alfajiri. Vudee, sifuri, ukungu mzito. Vudee, sifuri, upepo. Vudee, milimita tatu, samahani nimechelewa dakika kumi, nilikuwa msibani. Mstari wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ileile. Nilipiga simu kitivo cha kilimo. Wakasema si yao, labda jiografia. Jiografia wakasema kulikuwa na mtafiti mmoja, alimaliza mradi wake zamani, yuko ng’ambo. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ukurasa bado unaandikwa. Nilipochimba zaidi niligundua kuwa programu fulani ya zamani ilikuwa ikipokea meseji kutoka kwenye namba moja ya simu kila siku saa tatu asubuhi na kuibandika pale yenyewe. Nikaipiga namba ile. Ilipokelewa na mwanamke mtu mzima.

“Shikamoo mama. Napiga kutoka chuo kikuu, kuhusu vipimo vya mvua.”

“Marahaba, mwanangu.” Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni. “Kumbe huwa mnapiga. Nilishasema kule wana kazi nyingi, watapiga siku moja. Nimekosea wapi?”

“Hujakosea mama.”

“Ile ya msibani, nilijua mtaiuliza.”

Jina lake lilikuwa Nanzia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kila mtu alimwita Mwalimu. Alinikaribisha nije kukikagua kituo. Ningeweza kumwambia palepale kwamba hakuna kituo, kwamba kuna programu tu na ukurasa ambao hakuna anayeusoma, lakini sikuwa na uhakika kama hiyo ndiyo kweli yenyewe, na nikaona nikienda nitajua. Mzee Rajabu alisema niende, nikaangalie mmiliki ni nani.

Nilipanda na gari la asubuhi. Same ilikuwa inaungua jua, na saa moja na nusu baadaye nilikuwa nimevaa sweta, nimesimama kwenye ua uliofagiwa, mbele ya mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge na viatu vilivyopigwa kiwi. Alikuwa amejiandaa. Kipima mvua kilisimama juu ya nguzo katikati ya ua, kimezungushiwa uzio wa fito ili mbuzi wasikifikie, na nyasi za kukizunguka zilikuwa zimekatwa. Alinieleza alivyoelekezwa na yule mtafiti: saa tatu kila siku, bila kukosa, usome ukiwa umeinama macho yako yalingane na maji, kisha utume, chuoni yupo mtu atakayesoma. Aliniingiza sebuleni. Ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya usharika, na kabati la vioo ambalo badala ya vyombo lilijaa madaftari. Kila alichotuma alikuwa amekiandika kwanza huko. Nilikaa pale nikiyatazama wakati yeye yuko jikoni na jirani yake wakipika, na nikawasikia wakizungumza Chasu, lugha ya Wapare, ambacho mimi nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Jirani aliuliza kama huyu msichana ndiye anayesoma. Mwalimu akajibu ndiye, ila bado mdogo, bila shaka kuna mkubwa wake. Jirani akasema basi ilikuwa kweli. Mwalimu akasema, nilikuwa nakwambia.

Tulikula makande yaliyoungwa kwa maziwa na ndizi zilizochomwa, na tukiwa mezani akaingia mzee mmoja mwenye jembe begani, akasalimia, akauliza mwaka juzi mvua za vuli zilikatika lini, maana wanagombana kuhusu zamu za maji ya ndiva, lile bwawa lao la kumwagilia. Mwalimu alinyanyuka, akafungua kabati, akatoa daftari bila kutafuta, akamsomea tarehe. Mzee akashukuru akaondoka. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyoisimulia. Sikuwa nimeona siku yoyote mwaka ule mtu akiuliza swali na kupata jibu.

Kabla sijaondoka alinipa daftari la wageni la kituo. Mgeni wa kwanza na wa mwisho alikuwa yule mtafiti. Niliandika tarehe, nikaandika jina, nikafika kwenye cheo, kalamu ikasimama. Nilikuwa msaidizi wa muda wa kuhesabu tovuti. “Andika tu msomaji wa takwimu, chuo kikuu,” alisema Mwalimu akidhani sijui cheo changu kiandikwe vipi. Nikaandika hivyo.

“Mmiliki nani?” aliuliza mzee Rajabu niliporudi.

“Hakuna mzee. Yupo Mwalimu, ila si mwajiriwa.”

“Basi usiandike jina la mtu ambaye hajakubali. Iache wazi.” Akaandika kadi, jina juu, kazi katikati, na chini hakuandika kitu. Aliishika muda kidogo kabla ya kuiweka kwenye rafu.

Mwezi wa nane tulikuwa tumefika mahali pa kuwaandikia wamiliki wote barua ili wathibitishe. Nikalipanga jedwali langu kwa alfabeti kabla ya kuzituma. Majibu yalikuja kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Watu ambao kwa miezi sita walikuwa wakisema hawajui, sasa walithibitisha, wakaweka sahihi, wakagonga na mihuri. Mzee Rajabu alifurahi, akasema labda walihitaji tu kuulizwa kwa maandishi. Mimi nilikuwa na wasiwasi nisioweza kuutaja. Mwezi wa kumi na moja likaja jibu la mwanamke mmoja wa zahanati ya chuo. Aliandika kwa upole kwamba yeye ni muuguzi, kwamba barua yetu imempa tovuti ya ligi ya mpira wa kikapu, na kwamba hajawahi kucheza mpira wa kikapu wala hajui nani anaucheza. Nilifungua jedwali, nikalitazama. Nilipolipanga nilikuwa nimepanga safu ya majina ya tovuti peke yake. Safu ya wamiliki haikusogea. Kila tovuti ilikuwa imepewa mtu wa tovuti nyingine, na zile zenye nafasi wazi zilikuwa nyingine kabisa. Ukurasa wa maombi ya kujiunga na chuo ulikuwa kwenye orodha ya kufungwa. Ukurasa wa matokeo nao pia. Na wale watu wote walikuwa wamethibitisha.

Nilimwambia saa ileile, kwa sababu sikujua kuficha. Alikuwa anakula. Aliendelea kula mpaka akamaliza, akanawa, akafuta mikono kwa leso. Nilitamani anigombeze. “Wamesaini vitu wasivyovijua,” alisema mwishoni, kama anajisemea. “Wote isipokuwa nesi.” Kisha akasimama, akaanza kushusha kadi kutoka kwenye rafu, na akazipanga sakafuni mstari kwa mstari, kwa sababu kwenye kadi wamiliki wa kweli walikuwa bado mahali pao. Tulifanya kazi hiyo wiki mbili, yeye amevua viatu anatembea kati ya kadi ananisomea, mimi kwenye kompyuta narekebisha. Hakulitaja kosa langu tena, hata kwa mafumbo, na mpaka leo nikimkemea kijana ofisini kwangu huwa naishia katikati.

Siku ya mwisho tulifika kwenye kadi ya mvua. Kwenye kadi hapakuwa na mmiliki. Kwenye jedwali kulikuwa na mhadhiri mmoja wa sheria za biashara katika tawi la mbali, ambaye alfabeti ilimwangusha pale, na barua yake ilikuwa mezani: nathibitisha kuwa tovuti tajwa ni yangu na inatumika. Sahihi, muhuri. Mzee Rajabu aliisoma. Mzee huyuhuyu alikuwa amewahi kunirudishia jedwali zima kwa sababu ya nukta moja. Alikwenda dirishani, akatazama milima, ambayo siku ile ilikuwa na wingu zito kileleni.

“Amethibitisha kwa maandishi,” alisema.

“Amekosea, mzee. Mimi ndiye niliyekosea.”

“Nakusikia. Nasema amethibitisha.” Akarudi, akachukua kalamu, na kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi akaandika jina la mhadhiri yule kwa mwandiko wake wa wakutubi, herufi moja moja. “Inayofuata,” akasema.

Nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilimpigia Mwalimu Nanzia kumwambia kwamba ukurasa wake hautafungwa. Akauliza kwa nini ulikuwa ufungwe. Nikaeleza kidogo. Akauliza mmiliki ni nini. Nikaeleza zaidi. Alikuwa mwalimu, aliuliza maswali kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na kila jibu langu lilinipeleka mbele mpaka nikafika mahali pasipo na njia ya kupita pembeni, nikamwambia kwamba tangu mtafiti aondoke hakuna mtu chuoni aliyekuwa anasoma vile vipimo. Programu tu. Safari hii sikusikia kuku.

“Ulipoandika kwenye daftari langu,” alisema, “uliandika kama nani?”

Alisubiri kwa adabu, kisha akasema, “Haya mwanangu. Asante kwa kuniambia,” na akakata.

Kesho yake saa tatu hapakuwa na mstari. Wala kesho kutwa. Nilifungua ukurasa ule kila asubuhi kabla ya kufungua kitu kingine chochote, na mzee Rajabu hakuuliza, lakini alikuwa anachelewesha kumimina chai mpaka nimeshaangalia. Tulituma orodha makao makuu. Tulifanyiwa kijihafla kidogo cha soda na maandazi, cha kumuaga yeye kustaafu na mimi kuondoka, na mkuu wa tawi akatusifu kwa kukijulisha chuo kina vitu gani. Siku mbili baadaye nilikwenda ofisini kurudisha ufunguo, nikawasha kompyuta mara ya mwisho. Mstari ulikuwepo. Haukuwa na namba. Ulisema: Vudee. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Sikupima.

Nilikuwa nimekata tiketi ya kuondoka Same mchana ule. Sikuitumia. Nilipanda Vudee na gari lililokuwa linapeleka saruji, mvua ikitupiga njia nzima, na nilifika nimelowa mpaka kwenye mifupa. Mwalimu alikuwa kibarazani anachambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kuchambua. Nilisimama kwenye mvua kwa sababu sikukaribishwa barazani. Nilitaka kumwomba msamaha na maneno yote yaliyonijia yalikuwa kama ya barua za ofisi. Mwishowe alisukuma ungo pembeni, akaingia ndani, akatoka na mwavuli na chupa nyembamba yenye mistari ya kupimia, akanipita akaenda kwenye kipima mvua. Alifungua, akamimina, akaninyooshea chupa.

“Soma.”

“Arobaini na moja.”

“Inama. Macho yalingane na maji.”

Niliinama. Maji yalikuwa yamejikunja kidogo pembeni, kama kawaida ya maji kwenye kioo, na chini ya mkunjo ule mstari ulikuwa mwingine. “Thelathini na tisa,” nikasema.

“Thelathini na tisa,” alirudia. Akamwaga maji yale kwenye shina la mgomba, akasuuza chupa, tukaingia ndani. Alivuta daftari kutoka kabatini, akaandika tarehe, akaandika namba. Siku alizoziruka alikuwa ameziachia nafasi, kila moja na tarehe yake, bila kitu mbele. Nilimuuliza kama atatuma chuoni. Alifunga kalamu, akairudisha juu ya kabati.

“Nitaandika,” alisema, na akaenda kunitafutia nguo kavu.